Shamba la Vipande Viwili

Kileleshwa
8 Februari 2025

Cucu mpendwa,

Muigai amesema atapitia kwako jioni akishamaliza kuuza mayai hapa kwetu, kwa hivyo nimemwomba anisubiri langoni. Amesema nikikawia ataandika barua yeye mwenyewe, na ataijaza uongo.

Najua una simu. Lakini ni wewe uliyesema kwamba nikipiga nanyamaza mpaka unadhani laini imekatika. Kwenye karatasi sinyamazi sana.

Nimepata kazi, Cucu. Bado ni ya kujifunza tu. Familia ambayo Auntie Peres anawapikia ina kijana anayeitwa Clifford, na Clifford ana ofisi ndogo ya ramani mjini, juu ya maduka ya vitambaa, Biashara Street. Siku ya kwanza nilisimama nje ya mlango kwa muda mrefu kwa sababu sikujua kama watu wa ofisi hubisha hodi. Clifford alifungua akienda chooni akanikuta. "Niaje Ivyne. Kumbe ni wewe? Nilidhani ni mtu wa kusoma mita ya stima."

Kazi yenyewe nitakueleza kama ulivyokuwa ukitueleza mambo kule Sunday school. Kwenye kompyuta, kila kitu kilicho duniani ni umbo. Kisima ni nukta. Bomba la maji ni mstari. Shamba ni mstari unaozunguka mpaka ukakutana na mwanzo wake, na hilo wanaliita poligoni. Kabla ya programu kufanya chochote, lazima iulize kila kitu: wewe ni umbo gani? Ukikosea, ukapima upana wa nukta kwa mfano, kompyuta haikukemei. Inakupa sifuri, inaendelea na kazi. Mimi ndiye ninayeandika mistari ya kuuliza hilo swali.

Na unajua ramani ni ya wapi? Ni ya huko kwako, Waithaka! Kuna mradi wa kuleta bomba la maji, na ofisi yetu inatengeneza ramani ya ploti zote zitakazounganishwa. Nikipata nafasi nitakutafuta humo ndani.

Muigai anapiga honi ya baiskeli.

Wako,
Ivyne


Waithaka
15 Februari 2025

Ivyne mwanangu,

Barua yako ilifika pamoja na yai moja lililopasuka. Muigai anasema lilipasuka kwa uzito wa maneno yako.

Nimeisoma mara mbili, mara moja peke yangu na mara moja kwa sauti, kwa sababu Gerishon alikuwa amekuja chai. Unamjua shemeji yangu. Aliuliza, "Sasa huyu mtoto wa Were anayekuita nyanya, aliyekuwa hawezi hata kuomba chumvi, leo anauliza mashamba maswali?" Nikamwambia mashamba hayamtishi kama wewe. Akasema chai yangu haina majani. Ndivyo tunavyoamkiana kila asubuhi tangu mume wangu Mbuthia atuache, yeye akija na fimbo yake kwa kile kijia, akitusi chai kabla hajaionja.

Unakikumbuka kijia? Wewe ulikuwa unakipita kila siku na soksi zako zimeteremka. Hakikuwapo zamani. Watoto wa shule walikuwa wanazunguka kwa barabara ya malori, na mvua ikinyesha walikuwa wanatembea pale pale malori yanapopita. Mbuthia akasema atakata shamba lake katikati. Yeye na Gerishon walilima ile njia kwa majembe yao, wakagombana kuanzia juu mpaka chini. Kisha Mbuthia akamwita sorovea, mpima ardhi, aichore kabisa kwenye karatasi za serikali, isihesabiwe tena kuwa yetu. Alisema, "Nisije nikafa, halafu mtu wangu aifunge." Tangu hapo nyumba iko upande huu na migomba upande ule.

Nimefurahi kwa ajili ya maji. Magoti yangu hayapatani na mitungi, na yule muuza maji wa mkokoteni huja akitaka. Ukinitafuta kwenye ramani, tazama vizuri kama mlango umefungwa.

Kula vizuri. Usiwe unajificha jikoni kwa Peres wageni wakija.

Cucu wako,
Hannah


Kileleshwa
1 Machi 2025

Cucu mpendwa,

Nisamehe, kazi ilikuwa nyingi. Tumemaliza ramani na imeshapelekwa kwa watu wa mradi. Clifford alitazama mistari yangu akasema, "Ivyne, hii ni safi. Nani alikufunza?" Sikujibu kwa sababu aliyenifunza ni yeye, nikaona nikisema itakuwa kama namsifu.

Mara ya mwisho nilipoendesha programu, chini kabisa ilitoka sentensi ya rangi ya manjano, kwamba kuna vitu kadhaa vimeachwa nje kwa sababu umbo lake halikutambuliwa. Nilitaka kumuuliza Clifford, lakini alikuwa amevaa vile visikizi vyake vikubwa vya masikioni, na nilishamsumbua asubuhi. Nikafikiri ni takataka za data. Anasema kila data ina takataka.

Sikupata nafasi ya kukutafuta kama nilivyoahidi. Lakini hivi karibuni utaona watu langoni.

Mwambie babu yangu, Guka Gerishon, kwamba chumvi siku hizi naweza kuomba. Nilimwomba Auntie juzi.

Wako,
Ivyne


Waithaka
15 Machi 2025

Ivyne,

Watu wa maji walikuja Jumatano. Vijana wazuri, wana adabu, na ndoo ya rangi ya buluu. Kila lango litakalopata mfereji walilipaka alama. Walianza kwa yule fundi wa viatu, wakaja kwa yule mama anayefuga nguruwe, wakapaka kwa Gerishon. Mimi nilikuwa nimefagia mlangoni na kuweka maji ya chai.

Walipita.

Nikawaita. Mmoja akarudi, akatazama simu yake, akakuza ramani kwa vidole. "Mama, ploti yako haiko kwa ramani. Hapa kwako kunaonyesha ni wazi tu." Nikamwambia, mimi nimesimama hapa, wewe unaniona. Akasema ananiona, lakini ramani ndiyo inayochimba.

Sikutaka kukusumbua, lakini wewe uko huko ndani. Waulize. Sijui kama ni kitu nimekosea mimi. Karatasi za Mbuthia zote ninazo. Au labda kuna mahali nilitakiwa kwenda na sikwenda, mambo siku hizi humpita mtu akiwa amekaa tu.

Gerishon anasema nitachota kwake, lakini amelisema mara nyingi sana na kwa furaha sana. "Sasa utajua nani ana maji." Nilicheka. Alipoenda sikucheka.

Hannah


Kileleshwa
22 Machi 2025

Cucu mpendwa,

Nimeangalia. Ni kwa sababu ya kijia. Kwenye karatasi za sorovea shamba lako limegawanyika vipande viwili, na kompyuta haikulitambua. Ilikuwa inatarajia kipande kimoja kimoja, kila kimoja kimezungukwa na mpaka wake. Ndiyo maana hukuonekana.

Hujakosea kitu chochote. Ni vile shamba lilivyo tu.

Pole sana Cucu. Naendelea kuliangalia jambo hili. Usiwe na wasiwasi.

Wako,
Ivyne


Waithaka
5 Aprili 2025

Ivyne,

Nimelifanya shamba kuwa kipande kimoja.

Nilifikiria kwa siku nyingi. Wale vijana walisema wanarudi kumalizia upande wa chini baada ya Pasaka, na nikaona nikingoja nitakosa. Nikamwita Mungai, fundi wa mabati. Ameziba kijia juu na chini, na ng'ambo hii ametoa ua wa zamani, kwa hivyo sasa ni uwanja mmoja kutoka nyumba mpaka migomba. Ukisimama mlangoni unaona mpaka mwisho. Waambie watazame tena kwenye kompyuta.

Ninakwambia mambo mengine kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Asubuhi ya kwanza Gerishon alikuja kama kawaida. Nilimsikia upande wa pili. Alisimama. Aligonga mabati kwa fimbo, pole pole, kama mtu anayegonga mlango wa mgonjwa. Mimi nilikuwa jikoni, chai imeshachemka. Sikutoka. Ningemwambia nini? Kwamba njia aliyoilima na ndugu yake nimeifunga kwa ajili ya mfereji? Nilisema moyoni, akigonga tena nitatoka. Hakugonga tena.

Hajaja tangu siku hiyo. Anadhani nimemfungia yeye, kwa sababu ya yale maneno yake ya maji.

Watoto wamerudi kule kwa malori. Nawaona kutoka dirishani.

Mbuthia alisema mtu wake asiifunge. Sikujua kwamba alikuwa ananisema mimi.

Fanya haraka, mwanangu, ili nijue kwamba ilikuwa na maana.

Hannah


Kileleshwa
8 Aprili 2025

Cucu,

Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana. Muigai amechoka kusubiri, leo ameketi kwenye kreti na anakula yai lake mwenyewe.

Toa mabati. Tafadhali, kabla hujasoma mengine, mwite Mungai ayatoe.

Shamba lako halikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu. Barua ile nyingine sikukudanganya, lakini nilikupa nusu, na nusu niliyoficha ndiyo yangu.

Kompyuta inajua vizuri sana kwamba shamba moja linaweza kuwa na vipande viwili. Umbo hilo lina jina lake, linaitwa multipoligoni. Ni maeneo mawili au zaidi yanayohesabiwa kuwa kitu kimoja kwa sababu mwenyewe ni mmoja. Shamba lako lilikuwa limeandikwa hivyo hivyo tangu mwanzo, sawasawa, kama Guka Mbuthia alivyotaka. Mimi ndiye niliyeandika: ikiwa ni nukta, weka huku, ikiwa ni mstari, weka huku, ikiwa ni poligoni, weka huku, kingine chochote, acha nje. Sikujua kwamba kuna kingine. Nilidhani dunia ina maumbo matatu. Ile sentensi ya manjano niliyokuandikia mwezi wa tatu, ilikuwa ni wewe.

Nilijua siku ile ile barua yako ilipofika. Nilifungua faili ya vilivyoachwa nje, na jina la Guka Mbuthia lilikuwa hapo. Niliogopa. Nilifikiri nikimwambia Clifford atajua kwamba kazi yangu si safi kama alivyosema, na wewe utajua kwamba aliyekufuta ni yule yule uliyemwazima vitabu akiwa mtoto wa Sunday school. Nikaandika "kompyuta haikulitambua," kana kwamba kompyuta hujiendesha yenyewe.

Sikufikiri kwamba utachukua maneno yangu na kuyajengea ukuta.

Jana, baada ya kusoma barua yako, nilimfuata Clifford mezani. Alikuwa amevaa visikizi vyake. Nilisimama mpaka akaniona. Nikamwambia yote, na sauti ilitoka vibaya, lakini ilitoka.

Hakunikasirikia. Alisema, "Aah, multipoligoni. Hii kitu imeshika kila mtu, hata mimi. Mbona hukuniuliza siku ile?"

Nikasema, "Ulikuwa na headphones."

"Hizi?" Akazivua akaniwekea sikioni. Hazikuwa zinacheza kitu. "Betri ilikufa kitambo, Ivyne. Navaa ndio wale wa ofisi ya pili wasiniitishe chaja."

Cucu, sikujua nicheke au nilie. Wiki zote hizo nilikuwa naogopa kukatiza muziki ambao haukuwapo.

Tulirekebisha hapo hapo. Niliongeza neno moja tu kwenye ule mstari. Programu ilipomaliza, hukuwa peke yako uliyerudi. Lilirudi kanisa lililo na uwanja ng'ambo ya barabara, na mzee mmoja aliyepitiwa na mto katikati ya shamba. Wote nilikuwa nimewaacha nje. Clifford ameshapeleka ramani mpya na ameandika kwamba ile ya kwanza ilikuwa na kosa la ofisi. Nilimwambia aandike ni langu. Akasema, "Mimi ndiye nilisema ni safi."

Mabati hayakusaidia kitu. Kompyuta haioni uani kwako. Inasoma alichochora sorovea, na hapo kijia bado kipo, wazi kabisa. Kwenye ramani hukuwahi kukifunga. Umekifunga hapa tu, ambapo watu wanapita.

Sijui nitakuomba vipi msamaha kwa hilo. Kuhusu maji naweza kurekebisha. Kuhusu Guka Gerishon kusimama pale akigonga, hakuna neno naweza kuongeza kwenye mstari wowote.

Ivyne


Waithaka
26 Aprili 2025

Ivyne,

Sikukujibu kwa Pasaka kwa sababu nilikuwa na hasira, na sikutaka kukuandikia na hasira siku ambayo watu wanaimba.

Mabati yalitoka siku ile ile barua yako ilipofika. Vijana wa buluu wamekuja pia, na nimepata alama yangu. Yule aliyesema ramani ndiyo inayochimba alisema, "Mama, leo uko." Nikamwambia hata siku ile nilikuwa.

Gerishon hakuja. Nilingoja asubuhi tatu, nne, kisha nikachukua kanga yangu nikaenda mimi. Nilipita kwenye kijia. Kimeota majani kidogo, yale mabati yaliacha kamstari pale yalipokaa.

Alinikaribisha kwenye kiti kizuri. Akanimiminia chai. Akasema, "Asante kwa kunitembelea, Mama Hannah." Miaka yote hii, Ivyne, huyo mzee hajawahi kuniita Mama Hannah. Aliniita mwanamke wa chai ya maji, aliniita adhabu ya ndugu yangu. Sasa amekuwa na adabu, na nilitamani anitusi.

Nilimweleza mambo ya kompyuta, vipande viwili, vyote ulivyoniandikia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Hiyo kompyuta ndiyo iliyobeba mabati?"

Nikanyamaza kama wewe kwenye simu.

Kwa maana haikubeba. Wewe uliniambia nusu, sawa, nimekusamehe kwa hiyo nusu, maana najua unavyoogopa. Lakini mimi nilikuwa na kinywa. Alipogonga nilikuwa hatua chache tu, na chai iko motoni. Hiyo si kazi yako, usijichukulie yote. Acha yangu niibebe.

Lakini sitaki barua nyingine ya pole. Njoo. Mwambie yeye, kwa mdomo. Akusikie.

Cucu wako,
Hannah


Kileleshwa
10 Mei 2025

Cucu mpendwa,

Uliniona nikitoka kwa Guka Gerishon Jumamosi iliyopita, na hukuniuliza kitu, ukanipa ndizi. Asante. Nilikuwa siwezi kusema. Sasa naweza kuandika.

Alikuwa uani anachonga mpini. Nilimwamkia, na alijifanya hanisikii mpaka nikamwamkia kwa sauti. "Ehe, sauti iko," akasema. Nilimwambia kwamba ni mimi niliyeliacha shamba nje, kwamba wewe ulifunga njia kwa sababu ya maneno yangu, si kwa sababu yake. Akaniambia nimwonyeshe. Sikuwa na kompyuta, kwa hivyo nilichora chini kwa kijiti, kipande cha nyumba na kipande cha migomba.

Aliinama kuutazama mchoro. Akaweka ncha ya fimbo yake katikati, pale palipokuwa tupu. "Na hapa ni nini?"

Nikamwambia kwenye ramani hapo hakuna kitu. Si ya mtu.

"Hapo nililima mimi," akasema. "Mbuthia alilima upande wake vibaya, nikarudia."

Nilimuuliza kama atakuja chai. Alisema magoti yake yamezoea kukaa. Alisema tena kwamba chai ya kwake pia si mbaya. Hakuwa na hasira, Cucu. Ningependa angekuwa na hasira. Aliingia ndani na kuniacha na ule mchoro, na sikujua kama niufute.

Nimerudi kazini. Siku hizi nikiona sentensi ya manjano nasimama, hata kama ni kitu kidogo, naenda kuuliza. Clifford ananiita Askari. Natamani ningekuwa askari mapema.

Wako,
Ivyne


Waithaka
31 Mei 2025

Ivyne mwanangu,

Maji yamefika. Mfereji uko karibu na mlango wa jikoni, kama nilivyotaka. Siku ya kwanza yalitoka na udongo, kisha yakawa safi. Nilijaza sufuria bila kuinama sana, nikakukumbuka.

Nateleka chai ya watu wawili, kwa sababu mkono wangu haujui kupima ya mmoja. Kikombe cha Gerishon naweka mahali pake, kisha nakiosha.

Jana usiku mvua ilinyesha. Asubuhi nilienda kuangalia migomba, na kwenye tope la kijia niliona alama za viatu, na kando yake vishimo vidogo vya fimbo. Zilikuwa zimetoka upande wake. Zilifika mpaka pale palipokuwa na bati la kwanza, pale penye kamstari. Hapo alisimama, maana alama zilikuwa nyingi na za kukanyagana. Kisha ziligeuka, zikarudi.

Watoto walipopita kwenda shule niliwaomba wapite pembeni, wasizikanyage. Walinishangaa.

Kesho nitateleka mapema, na mlango nitauacha wazi.

Cucu wako,
Hannah